Siku Shangazi Aliponinyamazisha

Shangazi alipokuja kunitembelea Amsterdam, Jumapili moja nilimpandisha kivuko cha bure nyuma ya stesheni kuu, tukavuka hadi Eye, jumba la makumbusho ya sinema. Siku hiyo walionyesha Filibus, filamu bubu ya Mario Roncoroni, iliyotengenezwa Turin, Italia, mwaka 1915. Nakala yake ilisalimika huku Uholanzi, kwenye hazina ya Jean Desmet, aliyekuwa msambazaji wa filamu. Mpiga kinanda alikaa pembeni, chini ya pazia jeupe.

Shangazi hajui lugha za huku, kwa hiyo kila maandishi yalipotokea nilimwinamia nikamtafsiria. Huyu mwanamke, Filibus, ni mwizi, nikamwambia, makazi yake ni chombo cha angani kama puto refu. Anashushwa kwa kamba, anaiba, anavutwa juu. Chini huku anajiita Baroness Troixmonde, na akitaka anavaa suti, anakuwa bwana wa heshima, anamtongoza dada wa mpelelezi anayemsaka.

Akanishika mkono. "Mwanangu, hebu nyamaza. Naona."

Nikanyamaza. Ndipo nami nikaanza kuona. Kamera ya Roncoroni haina haraka. Inasimama mbali kidogo, kama mgeni ambaye hajakaribishwa kuketi, na chumba chote kiko mbele yako. Ni nadra kukusogezea uso wa mtu ili ujue pa kutazama, unatafuta mwenyewe. Macho yangu, yaliyozoea picha kukatwa kila sekunde, yalikuwa yakikimbilia maandishi na kuacha watu. Shangazi ni fundi cherehani wa miaka mingi, Tanga nzima wanamjua kwa suti. Aliona mabega.

"Koti limemkaa," alininong'oneza. "Ndiyo maana wanamwamini."

Kisha Filibus akamlaza mpelelezi kwa dawa ya usingizi, akachukua chapa ya kiganja chake ili atengeneze glovu yenye alama za vidole vyake. Wizi ukifanyika, alama ni za mpelelezi, hata naye anaanza kujishuku kwamba labda ndiye Filibus. Shangazi alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti.

Tuliporudi kivukoni, upepo ukitupiga, alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani anawaza namna mwizi yule alivyopaa bila kukamatwa.

"Ile glovu," akasema, "unadhani aliishona kwa ngozi gani?"