Shule moja, majina matatu

Jana nilimsindikiza shangazi mjini Dar es Salaam, ana miaka 71. Tulishuka Posta ya Zamani, tukatembea polepole hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la Wajerumani lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Pale jirani akasimama ghafla. "Hii ndiyo Konventi yetu."

Mimi naijua kama Forodhani. Mwanangu anaijua kama St. Joseph. Tukabaki tunacheka barabarani, watu watatu wa ukoo mmoja, kila mtu na jina lake!

Kumbe historia yenyewe iko humo humo kwenye majina. Masista wamisionari ndio walioianzisha, ndiyo maana ikaitwa Konventi, yaani nyumba ya masista. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ikazitaifisha shule za mashirika ya dini, ndipo ikawa Forodhani Sekondari. Pugu nayo ilichukuliwa hivyo hivyo, ile ya St. Francis alikofundisha Mwalimu Nyerere mpaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Ila Pugu imebaki ya serikali, wakati Forodhani ilirudi kwa kanisa, ndiyo St. Joseph ya leo.

Shangazi hakujali sana hayo ya sheria. Yeye alikuwa anasimulia sista aliyekuwa akikagua kucha kila asubuhi, na upepo wa bahari ulivyopeperusha madaftari. (Karo ya sasa nilipomtajia, alinyamaza hadi tunapanda daladala.)

Nani mwingine humu ana mzazi aliyesoma Konventi?