Maharage yangu, mwarobaini, na sumu isiyotoka kwa kuoshwa

Fukusi wa maharage hufanya kazi yake kimya. Buu hupenya ganda na kula ndani, na akikaribia kutoka hukwangua duara dogo chini ya ganda, kama kidirisha cha kioo kilichofifia. Ukiliona duara hilo, ujue sehemu yenye protini imeshaliwa na humo kuna unga na kinyesi.

Dawa ya unga ya dukani sikuitaka kwenye chakula, nikachagua mafuta ya mwarobaini. Nilianika maharage hadi yakawa yanapasuka yakiumwa, nikapepeta na kuyatoa yaliyotobolewa. Kila kilo niliipaka mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, nikageuzageuza mpaka punje zote zikang'aa, kisha nikafunga pipa lisiingize hewa. Mafuta huziba pumzi ya yai. Azadiraktini iliyomo humkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi.

Hapo ndipo watu wangu walipouliza: sumu hiyo haitaingia kwenye protini tunayoila? Swali la haki. Protini ya harage imejaa kwenye zile nusu mbili za ndani, ilhali mafuta hukaa zaidi juu ya ganda. Kwa hiyo kabla ya kupika nasugua maharage kwa maji, naloweka usiku kucha, namwaga maji yale na kuosha tena. Uchungu wa mwarobaini wenyewe hukuambia kama hujaosha vya kutosha.

Kilichonishughulisha zaidi ni sumu ya harage lenyewe, kwani mmea nao hujitengenezea dawa ya wadudu, na dawa hiyo ni protini. Lektini hunasa kwenye sukari zilizo juu ya seli za utumbo. Vizuizi vya tripsini hukikaba kimeng'enya kinachosaga protini, kwa hiyo unakula protini na huipati yote. Maharage pori ya Mexico yana nyingine, aselini, inayowashinda baadhi ya fukusi. Wataalamu wa mbegu wameihamishia kwenye maharage ya shambani. Watu wanaoamini kuwa cha asili hakina madhara nawashangaa: punje chache tu za maharage mekundu mabichi zinatosha kukutapisha.

Sumu hizi za harage haziondoki kwa kuoshwa. Joto la maji yanayochemka ndilo huzikunjua na kuziharibu. Basi sufuria yangu huchemka kwa nguvu, nyuzi 100, si chini ya dakika 10, na mimi huongeza hadi 30, ndipo napunguza moto. Kuyaanzishia moto mdogo tangu mwanzo ni hatari, maana kwenye nyuzi 80 hivi maharage hulainika na lektini ikabaki.

Unga wa maharage wa kuchanganya kwenye uji nausaga baada ya kuyachemsha na kuyakausha upya. Kuyakaanga makavu tu siamini kunatosha, kwa sababu joto lenye maji huivunja lektini vizuri kuliko joto kavu.