Nilivyoweza kuandika hadithi ya Rispa nikiwa hapa hapa Dodoma

Wapendwa, kuna watu wananiuliza nimewezaje kutoa hadithi nzima ya Rispa wakati Biblia imempa sehemu ndogo sana na yeye mwenyewe hajatamka hata neno moja, ngoja niwaambie nilivofanya.

Kwa asiyemjua, fungua 2 Samweli 21. Njaa imepiga miaka mitatu, Daudi anamuuliza Mungu anaambiwa ni damu ya Wagibeoni waliouliwa na Sauli, Wagibeoni wanadai wanaume saba wa uzao wa Sauli na mfalme anawatoa. Wawili ni watoto wa Rispa, suria wa mfalme Sauli, Armoni na Mefiboshethi. Wakatundikwa mlimani mwanzo wa mavuno ya shayiri, na yule mama akachukua gunia akatandika juu ya mwamba akakaa pale mpaka mvua iliponyesha, mchana anafukuza ndege, usiku wanyama. Daudi akaambiwa alichofanya huyu mama, akaikusanya mifupa ikazikwa. Basi, Biblia inaishia hapo kuhusu yeye.

Nilichofanya kwanza ni kuandika kwenye karatasi kila kitu ambacho Maandiko yamesema, nani kafa, wapi, msimu gani, nikajiapiza hayo siyagusi hata kidogo. Yaliyobaki ndo sehemu yangu.

Afu nikapiga hesabu ya muda. Shayiri kule Israeli inaanza kuvunwa kipindi cha Pasaka, na mvua kwa kawaida zinarudi mwezi wa 10 au wa 11, kwahiyo nikamkalisha mwambani miezi kama sita. Mtu wa Dodoma kiangazi cha hivyo anakijua vizuri mana sisi mvua ikikata mwezi wa 4 mara nyingi ni hadi Desemba, na yale mawe makubwa yaliyojaa huku kwetu ukiyakalia saa nane mchana mwezi wa 10 utanyanyuka mwenyewe. Hata lile gunia nililifanyia kazi, gunia la wakati ule lilifumwa kwa manyoya ya mbuzi, linawasha na linabeba joto, kwahiyo ngozi ya miguu yake ilikua ishaanza kuharibika mapema kabisa.

Ila kilichonifungulia hadithi ni kuamia ndege. Hapa kwetu uwele na mtama ukianza kukomaa kina mama na watoto wanashinda shambani, wengine juu ya dungu, na makopo na kombeo, wanapiga kelele mpaka sauti inakauka, kwelea kwelea wakishuka hawakuachii kitu. Nikaenda kukaa na mama mmoja shambani kwake upande wa Bahi, nikawa namwangalia tu. Akaniambia, mwanangu, hawa wana saa zao, asubuhi na jioni ndo wana njaa kali, jua likiwa kali wanaenda kivulini na wewe unapata kula. Nikalichukua hilo nikalipeleka kwa Rispa nikakuta kwake ni kinyume, mana tai anangoja hewa ipate joto ndo aweze kupaa juu bila kuchoka, kwahiyo yeye muda wake wa kazi nzito ni kuanzia saa nne asubuhi kwenda mbele, jua la utosi, na giza likiingia mbweha na fisi wanaanza. Yani alilala saa ngapi huyu mama? Nikampa kausingizi kafupi pale alfajiri, baada ya fisi kuondoka na kabla tai hawajaamka, na sura yangu ya tatu yote inatokea ndani ya huo muda.

Kuhusu majirani niliowaweka kwenye hadithi, wale waliokubali watoto watolewe, hapo nilimkumbuka bibi yangu na habari alizozisikia kwa wazazi wake za Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, vita ya Wajerumani na Waingereza ilipokomba nafaka na ng'ombe. Watu wenye njaa ya namna ile wakiambiwa kuna kitu kitaleta mvua watakubali, sikutaka kuwafanya mashetani.

Nani alimpelekea maji? Hapo ndo nikamleta Merabu, binti wa Sauli. Wale watano wengine waliotundikwa, baadhi ya Biblia zinaandika ni wa Mikali, mdogo wake Merabu, lakini mume aliyetajwa ni Adrieli, na 1 Samweli 18 inasema Adrieli alimuoa Merabu, tena 2 Samweli 6 inasema Mikali hakuzaa mpaka anakufa. Kwahiyo ni wa Merabu. Binti wa mfalme anapanda mlima usiku na mtungi kumpelekea maji suria wa baba yake, na njiani anapita chini ya wanawe watano.

Nilipomaliza niliwasomea kina mama wa ibada yetu. Mama mmoja mtu mzima akanisubiri mpaka mwisho akasema, mwanangu umeandika vizuri ila harufu umeipita haraka, mama hakimbii harufu ya mwanae. Niliirudia ile sehemu usiku uleule.

Sasa hivi niko kwa Merabu mwenyewe. Sauli alimuahidi Daudi kwamba atampa huyu awe mke wake, siku ilipofika akapewa Adrieli, na miaka ikapita, Daudi huyohuyo akiwa mfalme ndo akawatoa wanawe. Naanzia hapo kwenye ile ahadi.