Hati za mirathi kwa barua pepe: nilivyolipunguza faili bila kupoteza muhuri hata mmoja

Kila niliyemweleza shida yangu aliniambia, "Mama, zipu tu hilo faili." Kijana wa saiba pale Kondele alisema hivyo, shemeji akasema hivyo, na karani wa wakili naye akalirudia kwa simu. Haya, tukalizipu, yaani tukalibana kwa programu ya zip. Faili lilikuwa megabaiti 60 na ushei, likatoka megabaiti 60 na ushei. Kurasa zilizoskaniwa kwa rangi kwa kawaida hukaa ndani ya PDF kama picha za JPEG, na JPEG imeshabanwa tayari. Kuizipu tena ni kukamua nguo iliyokwisha kukamuliwa.

Zilikuwa hati za mirathi ya shamba la marehemu baba kule Mumias: cheti cha kifo, barua ya chifu, hatimiliki, vitambulisho vya ndugu zangu wote, na rundo la risiti za zamani. Mimi niko Kisumu, wakili yuko Nakuru, na barua pepe ya ofisi yake hairuhusu zaidi ya megabaiti 10. Linki hawataki, wanataka faili lenyewe.

Kijana akaja na wazo la pili. Akalipitisha faili kwenye Ghostscript, programu ya bure, akachagua kile kiwango cha chini kinachoshusha picha hadi nukta 72 kwa inchi. Likawa megabaiti 2. "Si nilikuambia, mama?" Nikamwomba afungue ukurasa wa hatimiliki na kuukuza. Kwenye namba ya shamba, 3 na 8 zilikuwa kitu kimoja. Muhuri wa msajili ulikuwa doa jekundu lisilo na herufi hata moja. Nikamwambia, "Mwanangu, hii haiendi. Namba ikikosewa hapa, tutakuwa tunarithi shamba la jirani."

Mdogo wangu alinishauri nipige picha nitume kwa WhatsApp. WhatsApp nayo huzibana picha inavyotaka yenyewe, na ukituma faili kama hati, ukubwa unabaki ule ule. Zile tovuti za kubana PDF bure sikuzigusa. Sipakii vitambulisho vya familia nzima mahali ambapo sijui vinaishia wapi.

Ninalotaka watu walijue ni kwamba ukubwa unaamuliwa kwenye skana. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una pikseli (zile nukta zinazounda picha) 2480 kwa 3508. Kwa rangi, kila pikseli huchukua baiti tatu, yaani karibu megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Shusha hadi nukta 150 na pikseli zinabaki robo. Toa rangi ubakishe kijivu, unabakiwa na theluthi ya data. Nenda nyeusi na nyeupe tupu, pikseli moja ni biti moja, yaani sehemu ya nane ya baiti.

Kwa hiyo nikazigawa karatasi. Barua zilizopigwa chapa na risiti zisizo na muhuri wa rangi zikaenda nyeusi na nyeupe, nukta 300, na kila moja ikatoka kilobaiti hamsini, sitini hivi. Vitambulisho na karatasi zenye mihuri, rangi kwa nukta 150. Hatimiliki nikaipa 200, kwa sababu maandishi yake ni madogo na sikutaka mchezo nayo.

Barua ya chifu ndiyo iliyotutoa jasho. Imeandikwa kwa kalamu pande zote mbili za karatasi nyepesi, na wino wa nyuma ulikuwa unajitokeza mbele. Katika nyeusi na nyeupe ukurasa ulijaa vitone. Vitone hivyo vinachafua maandishi na pia vinanenepesha faili, maana ubanaji wa aina hii hufuata mahali weupe unapogeuka kuwa weusi, na kila kitone ni mgeuko mpya. Nikachukua manila nyeusi nikaiweka nyuma ya barua kabla ya kufunga kifuniko. Kile kifuniko ni cheupe, kinarudisha mwanga na kuonyesha maandishi ya upande wa pili, cheusi kinaumeza. Tukaongeza mwangaza kidogo, tukafuta kioo kwa kitambaa kikavu, na barua ikatoka safi hadi sahihi ya chifu. Kijana aliitazama manila ile kwa muda, kisha akaniomba nimwachie.

Kuna kitu kimoja nilikikataa kabisa: kubana kurasa nyeusi na nyeupe kwa njia iitwayo JBIG2, ile aina yake inayopoteza data. Hiyo hutafuta herufi zinazofanana na kutumia umbo moja badala ya mengi. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha mashine za Xerox WorkCentre zikibadilisha tarakimu kwa njia hiyo: kwenye mchoro wa nyumba, chumba cha mita za mraba 21.11 kilitoka kimeandikwa 14.13. Ukungu unauona ukajihadhari, lakini namba ya uongo iliyosomeka vizuri nani ataishuku? Tulitumia Group 4, njia nyingine ya kubana kurasa nyeusi na nyeupe, ambayo haipotezi kitu.

Zote zikaungana kuwa megabaiti 5 na kitu. Na usijaze kikomo hadi ukingoni. Barua pepe hugeuza kiambatisho kuwa maandishi, herufi nne kwa kila baiti tatu, kwa hiyo faili hunenepa kwa karibu theluthi likiwa njiani. Mwenye kikomo cha 10 ahesabu 7.

Karani alithibitisha mchana ule ule kwamba limefika na kila muhuri unasomeka. Saiba walinitoza kama mia tano hivi kwa kurasa zote, na kuskani upya hawakunitoza. Ukienda, mwambie anayekuhudumia abadilishe mpangilio kabla hajaweka karatasi ya kwanza, kwa sababu skana nyingi nilizozikuta hapa mjini huwa zimeachwa kwenye rangi, 300 au hata 600, na hakuna anayezigusa usipomwambia.