Roboti ya kumpa bibi kampani: iache ikae mezani

Ukitaka kutengeneza roboti ya kukaa na mzee nyumbani, kitu cha kwanza ni kuinyima magurudumu. Nyumba nyingi za Mbeya na Iringa zina vizingiti milangoni, na masika tope huingia na viatu hadi sebuleni. Roboti ya kutembea itakula sehemu kubwa ya bajeti kwenye mota na betri, halafu ikwame kwenye mkeka. Tena kitu kinachojongea sakafuni ni hatari kwa mzee anayetembelea fimbo. PARO, ile roboti ya Kijapani yenye umbo la mtoto wa sili, haiendi popote. Inageuza kichwa, inapepesa macho, inalia kidogo ikiguswa, basi, na nyumba za wazee zimeitumia kwa miaka mingi.

Cha pili, isitegemee seva ya mtu, yaani kompyuta ya kampuni iliyoko mtandaoni. Jibo, roboti ya mezani ya nyumbani, ilianza kufika kwa wanunuzi Marekani 2017. 2019 ikawaaga wenyewe kwa sauti yake kwamba seva zinazimwa. Moxie, ya watoto, ilifikwa na yaleyale Desemba 2024. Huku kwetu ongeza bando linaloisha katikati ya mwezi. Kila kitu kikae ndani: bodi ya ESP32, kompyuta ndogo inayoendesha yote (Wi-Fi imezimwa), mota mbili za servo za MG90S za shingo, kioo cha OLED cha inchi 0.96 kwa macho, DFPlayer Mini ya kucheza sauti na spika ya wati 3, sensa mbili za mguso TTP223, saa ya DS3231, na betri mbili za 18650 zilizofungwa sambamba.

Umeme ndio unaoua nyingi ya roboti hizi. MG90S ikikwama huvuta karibu ampea 0.7, volti inashuka ghafla, ESP32 inajizima na kuwaka upya. Ukiona roboti inaanza salamu upya kila ikigeuza kichwa, usihangaike na programu, tatizo liko hapo. Tumia vipandisha volti viwili vya MT3608, kimoja cha mota peke yake na kingine cha bodi, nyaya hasi zikiunganishwa pamoja. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na mota, na usiziamshe zote mbili kwa mpigo. Acha milisekunde 300 kati yake. MT3608 mpya inaweza kuwa imewekwa volti yoyote, hata zaidi ya 20, kwa hiyo pima kwa mita na uirekebishe hadi 5.0 kabla ya kuunganisha chochote.

Chaji nayo ina mtego. Chaja ya TP4056 (chukua yenye ulinzi wa betri) huchaji kwa ampea 1 na hukata mkondo ukishuka hadi ampea 0.1. Roboti iliyo macho inavuta zaidi ya hapo, hivyo chaja haimalizi kamwe na betri inashikiliwa kwenye volti 4.2 usiku kucha, jambo linaloizeesha haraka. Dawa yake ni kwamba roboti ilale ikichajiwa. Toa waya kwenye volti 5 za chaja, pitisha kwenye rezista mbili za kilo-ohm 10 ili pini ya ESP32 ipate volti 2.5, na pini hiyo ikipata umeme programu ifumbe macho, izime kioo na kuiacha bodi ilale. Mzee akiona imelala anaelewa mwenyewe. Betri mbili za miliampea-saa 2500 kila moja zinatosha takribani siku nzima, kwa hiyo umeme ukikatika jioni hakuna kinachoharibika.

Shingo inahitaji hesabu ndogo. Kichwa cha gramu 120 ambacho uzito wake uko sentimita 3 mbele ya ekseli kinadai nguvu ya 0.36 kilo-sentimita. MG90S inatajwa kuwa na takribani 1.8, nasi hatupiti theluthi yake, maana meno ya mota huliwa pole pole. Funga nati za M8 nyuma ya kichwa kama uzito wa kusawazisha, ukiongeza hadi kisimame chenyewe bila umeme. Hapo unaweza kukata ishara ya mota baada ya kila mwendo, la sivyo itanguruma usiku kucha. Geuza digrii moja kila milisekunde 20, polepole zaidi mwanzoni na mwishoni. Macho yapepese kila baada ya sekunde 3 hadi 6 bila mpangilio, yafumbwe kwa milisekunde 150 tu. Yakipepesa kwa mapigo sawa yanakuwa kama indiketa ya daladala.

Mwili tunapendelea paini ya Sao Hill, lakini usinunue ubao uliotoka kiwandani Mafinga jana. Paini mbichi inasinyaa, skrubu zinalegea, shingo inaanza kulia. Juu yake uvike kitambaa laini cha blanketi chenye zipu, kwa sababu kitafuliwa: moshi, uji, mikono ya wajukuu. TTP223 inahisi mkono kupitia kitambaa chembamba bila shida, ila kikiwa na unyevu inahisi mkono usiokuwepo. Ukungu wa Tukuyu unatosha kuleta hilo. Ibandike sensa kwenye plastiki ya milimita 2 ili kitambaa kisiiguse, na programu isikubali mguso wa chini ya milisekunde 300. Sensa hii hujipima inapowashwa, na mkono ukiwa juu yake itajipima vibaya, kwa hiyo swichi iwe chini ya kitako, mbali na kichwa.

Sensa ya mwendo, HC-SR501, iache dukani. Inafuata joto, na Juni na Julai jiko la mkaa likiletwa sebuleni itaamka kila dakika. Kamera pia hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na bibi hakuomba kupigwa picha.

Kusikia maneno tunakuacha kwa makusudi, kwani mzee anachanganya Kiswahili na Kihehe au Kinyakyusa kwenye sentensi moja. Rekodi sauti ya mjukuu: “Shikamoo bibi”, “Kamwene” ya Kihehe, “Ugonile” ya Kinyakyusa. Roboti haijui nani ameigusa, hivyo itamwamkia hata mtoto wa darasa la pili, naye ataitikia marahaba kwa kicheko. Iacheni hivyo. Faili za sauti ziwe kwenye kadi ya kumbukumbu ya DFPlayer, ndani ya folda ya mp3, kwa majina 0001, 0002. Zikiwekwa nje, DFPlayer hufuata mpangilio wa kunakiliwa, si wa majina. Rezista ya kilo-ohm 1 kwenye waya wa RX, ule unaoipa DFPlayer amri, inapunguza mkwaruzo.

Kwa dawa, ikumbushe mara tatu kisha inyamaze. Kuguswa si ushahidi kwamba kidonge kimemezwa. Kwenye programu toa 6 kwenye saa ya DS3231, kwa mzunguko wa saa 12, kabla ya kuchagua sauti, ili 20:00 isomeke saa mbili usiku. Na kwenye moduli za bei nafuu za saa hiyo kuna njia inayojaribu kuchaji betri ya CR2032 isiyochajika, ikavimba. Ng'oa rezista yenye maandishi 201 kabla ya kufunga mwili.