Tairi nne, dola elfu moja na simu ya mjomba

Jamani wana Tanga mliopo huku Marekani na mnaojiandaa kuja, leo nimebadilisha tairi za RAV4 yangu na kila nikiitazama risiti damu inachemka, ngoja niandike sasa hivi nikiwa bado na hasira.

Nipo Minneapolis, jimbo la Minnesota, mwaka wa sita. Mwezi wa kumi ukiingia huku hakuna kuchelewa, theluji inaweza kukukuta siku yoyote, na tairi zangu zilikuwa zimebaki na meno kama milimita 3. Kisheria bado zinatembea, kikomo ni 1.6, ila kwa theluji hiyo ni hatari tupu, mwaka jana gari iliniteleza kwenye mataa nikaishia katikati ya njia panda, saa kumi alfajiri natoka kazini. Siku ile nilisema winta ijayo sitaki mchezo.

Sasa duka moja liliweka tangazo dola 172 kwa tairi moja, saizi yangu 225/65R17. Nikapiga hesabu, 688, nikasema poa naweza. Nimefika kaunta napewa karatasi, kuna kufunga na balansi 100, vali 24, kutupa za zamani 16, alaimenti (kunyoosha magurudumu) 110, halafu kuna kitu wamekiandika chini kabisa 88, nauliza hii nini naambiwa bima ya msumari, yani ukipata pancha wanakuzibia bure. Nani aliomba? Sikuulizwa, imeingizwa tu. Ukiweka na kodi inakaribia 1,090. Nikawaambia toeni hiyo bima na wakaitoa bila hata kubisha, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi, maana kumbe haikuwa lazima, wanasubiri uone aibu ulipe. Wengi wetu tunalipa. Kiingereza cha kubishana hatuna, watu wamepanga foleni nyuma, unasaini yaishe.

Nilipotoa simu kumpigia mjomba yule wa kaunta akanitazama kama namchelewesha. Huku ilikuwa saa nne asubuhi, Tanga saa kumi na mbili jioni, mjomba anajiandaa kwenda kuswali. Mjomba wangu ni fundi tairi pale Ngamiani tangu sijazaliwa. Nimekua nikimuona anazamisha tairi kwenye pipa la maji lililokatwa nusu, anaizungusha taratibu mpaka vipovu vitoke, anaweka kidole palepale na kidole hakiondoki mpaka mimi nilete chaki. Hajawahi kufika hata Nairobi.

Shikamoo mjomba. Marahaba mjomba wangu, huko baridi? Nikamwambia tairi ninazonunua hapa ni mpya kabisa, nikague nini? Akasema, "Mpya nani kakwambia? Kabla hawajafunga tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, soma namba nne za mwisho. Mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Na ukiona upande mmoja hazipo geuza, huwa zinaandikwa kamili upande mmoja tu."

Nikarudi ndani nikaomba kuziona. Meneja hakupenda, kijana wa kufunga ndiye aliyezibingirisha mpaka miguuni kwangu na akazigeuza moja moja bila kuombwa mara mbili, Mungu ambariki. Mbili zimeandikwa 0825, safi, wiki ya 8 ya mwaka 2025. Mbili zimeandikwa 1421. Yani zimetoka kiwandani mwaka 2021, zimekaa stoo miaka minne na nusu, na nauziwa bei ileile ya mpya! Meneja ananiambia mpya ni mpya, haijawahi kutembea. Raba inazeeka hata ikiwa imekaa, hilo mtoto yeyote aliyekulia kwenye gereji ya tairi analijua, sisi tulionunua mtumba tumejifunza kusoma tarehe kabla ya kusoma jina la kampuni. Nikasema sichukui. Nimekaa pale dakika arobaini, zikaletwa mbili nyingine, 1125 zote. Zimefungwa hizo.

Na kwenye kuchagua aina msikurupuke. Kuna olisizini (all-season) na kuna olwedha (all-weather), majina yanafanana, kazi tofauti. Olisizini ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi joto 7 raba yake inaanza kuwa ngumu, na ile alama ya M+S ubavuni isikudanganye, inaangalia umbo la meno tu. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, olwedha ndizo zinayo, hiyo ina maana tairi imepimwa kwenye theluji. Ila walipima kuondoka, hawakupima kusimama, kwa hiyo breki bado ukanyage kwa adabu. Herufi ya traction (mshiko) nayo, AA au A, ni ya kusimama kwenye maji, haihusu theluji. Mimi nimechukua yenye mlima. Kama unakaa Texas hela hiyo ya ziada kula tu, ila kama ni Minnesota usibanie hapa, bania kwingine.

Kama gari yako inavuta miguu yote minne usibadilishe mbili tu kwa kubana matumizi, tairi mpya na iliyokwisha hazilingani mzunguko na mfumo wa kugawa nguvu ndio unaumia. Upepo jaza kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ile ya ubavuni mwa tairi ni kikomo. Na baridi ikizidi upepo unapungua wenyewe, taa ya upepo ikiwaka asubuhi usidhani umepata pancha. Risiti za kuzungusha tairi, yani kuhamisha za mbele nyuma na za nyuma mbele, tunza zote, maana warranti ya maili 60,000 wanayokutangazia bila hizo hawakulipi kitu. Na mkienda dukani ulizeni kwanza bei ya mwisho, kila kitu ndani, iandikwe.

Kwa jumla nimelipa 1,002. Badilisha mwenyewe kwa shilingi uone. Ukiambiwa mtu wa ughaibuni amechelewa kutuma hela ya ada, ujue kuna miezi inakuwa hivi.

Jioni nikampigia tena mjomba kumshukuru, kwao usiku umekwenda lakini alipokea. Nikamtumia picha. Aliitazama kimya, halafu akauliza zile za zamani nimeziweka wapi. Nikamwambia nimeziacha dukani, nimelipa dola 16 wakazitupe.

"Umelipa wazitupe? Meno milimita 3, hazina ufa?"

Hazina, mjomba.

"Laiti ungekuwa karibu. Kuna kijana hapa anasubiri saizi hiyohiyo tangu Jumatatu, gari iko juu ya mawe."