Kumrekebisha Askari Mbele ya Watu

Jana alasiri, nikiwa nimeketi Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, nilimwona askari kijana, bereti ameikunja mfukoni na vifungo viwili vya shati viko wazi. Mimi nilistaafu nikiwa sajini, na ulimi uliniwasha kumfokea. Badala yake nilimsogelea, nikamsalimu, kisha nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, tengeneza sare kabla hujapanda boti." Akajibu, "Ndiyo, afande," akafunga vifungo huku jasho likimtiririka.

Tangu operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni, ianze mwaka 2015, wenyeji huwatazama wanajeshi kwa makini, na askari anayefokewa hadharani hudhalilika pamoja na sare ile ile tunayotaka iheshimiwe. Akirudia, mkubwa wake kambini ndiye wa kuambiwa.